Uhuru au Kifo: Wito, Bendera na Wimbo wa Wagiriki

Katika somo hili twataka kueleza habari za alama za taifa la Ugiriki, yaani wito wake, bendera yake, wimbo wake na nembo yake. Wagiriki ndio wale ambao wasomaji wa Agano Jipya huwajua kwa jina la Wayunani; na katika Tanganyika ya zamani watu wengi waliwajua kuwa wenye mashamba ya mkonge. Nchi yao iko kusini-mashariki ya Ulaya. Ni nchi ya milima na visiwa, na bahari imeizunguka pande tatu.

WITO WA TAIFA

Wito wa Wagiriki ni maneno matatu: Eleftheria i Thanatos. Neno la kwanza maana yake ni uhuru, la pili ni au, na la tatu ni kifo. Kwa lugha yetu twasema: Uhuru au Kifo. Kuyatamka ni rahisi, lakini ili tuujue uzito wake yatupasa kujua yalisemwa lini na akina nani.

Mwaka wa 1453 Waturuki waliuteka mji wa Constantinople, ambao leo huitwa Istanbul, na baadaye karibu nchi yote ya Wagiriki ikawa chini ya Sultani. Mwaka wa 1814 wafanya biashara watatu wa Kigiriki walianzisha chama cha siri katika mji wa Odessa, kando ya Bahari Nyeusi. Chama hicho kiliitwa Filiki Eteria, yaani Chama cha Marafiki, na kusudi lake lilikuwa kuikomboa nchi. Vita vyenyewe vilianza mwezi wa Machi, 1821.

Siku zile hapakuwa na bendera moja. Kila kisiwa na kila kiongozi alitweka yake. Hata hivyo, katika bendera za visiwa vya Spetses na Psara yaliandikwa maneno yale yale: Uhuru au Kifo.

Psara ni kisiwa kidogo sana, na watu wake walikuwa mabaharia hodari. Mwaka wa 1824 merikebu za Sultani zilikishambulia. Watu waliosalia ngomeni walipoona kwamba hawana njia ya kushinda, waliitia moto ghala ya baruti, wakafa pamoja na adui zao. Wengi wa wenyeji waliuawa au kuchukuliwa utumwani, na waliookoka wakakimbilia visiwa vingine. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Aprili, 1826, watu wa mji wa Missolonghi, waliokuwa wamezingirwa kwa muda wa mwaka mzima, walishikwa na njaa hata wakaamua kutoka usiku na kupenya katikati ya jeshi la adui. Waliofika salama walikuwa wachache. Basi twaona ya kuwa neno kifo halikuwekwa katika wito huu kwa ajili ya kupendeza masikio.

Lakini yafaa tuseme kweli pia kwamba ushujaa peke yake haukutosha. Mara mbili Wagiriki waligombana wao kwa wao wakati adui yu mlangoni, na nusura wapoteze yote. Mwezi wa Oktoba, 1827, merikebu za Uingereza, Ufaransa na Urusi zilizivunja merikebu za Sultani na za Misri katika ghuba ya Navarino, na mwaka wa 1830 mataifa hayo matatu yakakubali kwamba Ugiriki ni nchi huru.

BENDERA

Bendera ya Ugiriki ina milia tisa, mitano ya buluu na minne myeupe, na katika pembe ya juu karibu na mlingoti mna msalaba mweupe juu ya buluu. Msalaba ni alama ya dini ya Kikristo ya Kiorthodoksi. Mwanzoni mwa mwaka wa 1822 mkutano wa taifa uliofanywa Epidaurus ulichagua rangi hizo mbili. Bendera ya nchi kavu ilikuwa na msalaba tu, na ile ya milia ilikuwa ya manowari. Kwa miaka mingi zote mbili zilitumika, mpaka sheria ya mwaka 1978 ilipoifanya ile ya milia kuwa bendera moja ya taifa.

Kwa nini milia ni tisa? Msomaji, hesabu kwa vidole vyako: E-lef-the-ri-a-i-Tha-na-tos. Silabi ni tisa. Wagiriki husimulia kwamba milia mitano ya buluu ni silabi za neno uhuru, na ile minne myeupe ni silabi za maneno au kifo. Wengine husema kwamba tisa ni hesabu ya herufi za neno uhuru katika maandishi ya Kigiriki. Hayo ni mapokeo ya watu, na kwa mapokeo hayo hata mtoto wa shule aitazamapo bendera huusoma wito wa babu zake.

WIMBO NA NEMBO

Mtunzi wa wimbo wa taifa ni Dionysios Solomos, wa kisiwa cha Zakynthos. Solomos alisomeshwa Italia, na mashairi yake ya kwanza aliyaandika kwa Kiitaliano. Kisha akarudi kwao, akajifunza kuandika kwa lugha waliyoisema watu wake sokoni na nyumbani. Mwezi wa Mei, 1823, alitunga utenzi uitwao Wimbo wa Uhuru, wenye beti 158. Nikolaos Mantzaros wa kisiwa cha Corfu aliutilia sauti, na mwaka wa 1865 ukafanywa wimbo wa taifa. Kwa desturi huimbwa beti mbili za kwanza tu. Tangu 1966 kisiwa cha Kipro nacho hutumia wimbo huo huo.

Nembo ni ngao ya buluu yenye msalaba mweupe, imezungukwa na matawi mawili ya mti ambao kwa majani yake watu wa kale waliwavika taji washindi. Zamani juu yake palikuwa na taji la mfalme. Mwaka wa 1974 wananchi walipiga kura kuuondoa ufalme, na mwaka wa 1975 nembo ya sasa ikachukua mahali pake.

SIKU MBILI ZA KUKUMBUKA

Wagiriki huadhimisha siku mbili kuu za taifa. Ya kwanza ni tarehe 25 Machi, ukumbusho wa vita vya 1821. Ya pili ni tarehe 28 Oktoba, nayo huitwa Siku ya Ohi, maana yake Siku ya La. Alfajiri ya siku hiyo, mwaka wa 1940, balozi wa Italia alimwamsha mkuu wa serikali, Ioannis Metaxas, akamtaka aruhusu majeshi ya Italia kuingia nchini. Metaxas alikataa, na watu wakalifupisha jibu lake katika neno moja: La. Wakapigana, wakawarudisha Waitalia hata ndani ya Albania.

Mwezi wa Aprili, 1941, Wajerumani waliiteka Athens, na bendera ya Hitler ikapandishwa juu ya kilima cha Acropolis. Usiku wa tarehe 30 Mei vijana wawili, Manolis Glezos na Apostolos Santas, ambao hawakuwa wametimiza miaka ishirini, walikipanda kilima hicho kwa siri wakaiteremsha. Hawakuwa na jeshi nyuma yao, na adhabu ya tendo lile ilikuwa kifo. Mji ulipoamka, kila mtu aliuona mlingoti mtupu.

Kitambaa cha bendera chaweza kununuliwa kwa fedha kidogo. Thamani yake hutoka kwa wale waliokubali kuumia kwa ajili yake, na kwa wale wanaokumbuka. Wahenga walisema: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni visiwa gani viwili vilivyoandika wito huu katika bendera zao?
2. Kwa nini milia ya bendera ya Ugiriki ni tisa? Taja maelezo mawili.
3. Solomos alijifunza nini aliporudi kwao, nawe waona lilimfaa nini taifa lake?