Somo: Tupime ujumbe wa simu kabla ya kuusambaza

Lengo la somo: Kila mshiriki aweze kupima habari, video, linki ya intaneti au kichekesho kabla ya kukituma kwa wengine.



Katika kambi, na katika familia zinazopokea wakimbizi wa ndani, simu moja inatumika na watu wengi. Jioni mwenye simu ya intaneti anaketi, na majirani wanamzunguka. Anawasomea habari za siasa, anawaonyesha video ya mashine mpya, kisha anamalizia na kichekesho ili watu walale na moyo mwepesi. Hilo ni jambo jema. Mtu aliyeacha shamba na nyumba yake anahitaji habari na elimu, na anahitaji pia kucheka.

Lakini mara nyingi ujumbe hauishi pale. Mtu anabonyeza mara moja, na umefika Goma, Bunia, Bukavu na Kampala. Aliyeutuma hajui nani atausoma, wala msomaji huyo atafanya nini. Kwetu sisi ujumbe mmoja unaweza kufanya familia ibebe watoto na kukimbia usiku, au irudi kijijini kabla ya wakati. Kwa hiyo tuangalie aina tatu za ujumbe tunaopenda kushirikishana.

1. Habari za siasa

Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini. Tarehe 26 Desemba mwaka huo, siku chache kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo zitapiga kura Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Watu walikasirika. Waliuliza: kama soko na kanisa viko wazi, kwa nini kura ikatazwe? Swali lao lilikuwa la haki.

Lakini hasira hiyo ilichanganyika na uvumi uliokuwa ukizunguka tayari, kwamba Ebola haiko, ni mambo ya wanasiasa tu. Kesho yake waandamanaji walishambulia kituo cha Ebola mjini Beni, na watu waliokuwa wakichunguzwa humo wakakimbia. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa pia. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2.287 walikuwa wamekufa.

Tunajifunza nini? Uongo wenye nguvu huwa umepanda juu ya mgongo wa jambo la kweli. Kura iliahirishwa: hiyo ni kweli. Ebola haiko: huo ni uongo, na uliua. Tukisoma habari ya siasa, tutenganishe jambo lililotokea na maneno ambayo mtu ameongeza juu yake.

Tuangalie pia tarehe. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 27 Mei wakubwa wa jimbo waliamuru mitaa kadhaa ya Goma iachwe, na watu kwa maelfu wakaenda Sake, Rutshuru na Rwanda. Mwezi wa Juni walianza kurudi. Fikirini mtu anayepata tangazo lile la Mei bila tarehe, mwezi wa Julai. Kila neno ndani yake lilisemwa kweli, lakini sasa litamkimbiza bure.

2. Mambo ya teknolojia

Wengi husema: «Nimeona video kwa macho yangu.» Mwaka 2018 nchini India ilizunguka video ya watu wawili juu ya pikipiki, mmoja akimnyakua mtoto barabarani. Video hiyo ilitengenezwa Karachi, Pakistan, ili kuwafundisha wazazi kulinda watoto wao. Mwishoni watu hao wanamrudisha mtoto na kuonyesha maandishi ya onyo. Lakini mtu alikata sehemu hiyo ya mwisho. Uvumi wa wezi wa watoto ulienea, na wageni wasio na kosa wakapigwa. Tarehe 1 Julai 2018, katika kijiji cha Rainpada, kundi la watu liliua wanaume watano waliokuwa wapita njia tu.

Baada ya vifo hivyo WhatsApp ilipunguza usambazaji. Tangu Januari 2019 mtu hawezi kutuma ujumbe wa mwingine kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja. Ujumbe uliopita mikono mingi huonyesha alama ya mishale miwili. Ukiiona alama hiyo, ujue kwamba aliyekutumia siye aliyeuandika, na pengine hamjui aliyeuandika. Siku hizi pia kuna programu zinazotengeneza picha na sauti ya mtu ambaye hakusema neno hilo kamwe.

Kuna hatari nyingine: linki zinazosema «bonyeza hapa ujiandikishe upate msaada». Mashirika ya Umoja wa Mataifa kama UNHCR na PAM hayauzi msaada. Linki ikidai pesa, namba ya siri ya simu au picha ya kadi yako, usiifungue wala usiitume. Muulize kwanza mjumbe wa kamati.

3. Vichekesho

Hapa wengi husema: «Ni mchezo tu.» Wazee walisema: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Redio RTLM ilianza kusikika Rwanda Julai 1993. Vijana waliipenda kwa sababu ya muziki na watangazaji wake wacheshi. Kati ya nyimbo na kicheko, Watutsi waliitwa mende. Masikio yalizoea. Mwaka 1994 redio hiyo hiyo ilihimiza mauaji. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa huko Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Na matunda ya chuki ile yalivuka mpaka hadi kwetu Kivu.

Je, tuache kucheka? Hapana. Tucheke foleni ya maji, tucheke hema linalovuja juu ya kitanda cha chifu, tucheke sisi wenyewe. Kichekesho chema hata yule anayesemwa anaweza kukisikia na kucheka pamoja nasi. Kinachomwita mtu mnyama au mdudu, au kinacholaumu kabila zima, kife kwenye simu yako.

Maswali manne ya kujiuliza

– Nani aliandika ujumbe huu, na alikuwepo?
– Ni wa tarehe gani na wa mahali gani?
– Nani mwingine anathibitisha, kwa mfano redio ninayoiamini au ndugu aliye pale?
– Jirani yangu wa kabila lingine akiusoma mbele yangu, nitaona haya?

Ukikosa jibu la moja, ngoja. Kama ni habari ya hatari ya sasa hivi, mpelekee kiongozi wa usalama wa kambi aichunguze upesi, badala ya kuitupa katika kundi la watu mia mbili.

Kwa viongozi: Ninyi mnabeba mzigo mkubwa zaidi. Ujumbe wa chifu, mchungaji, shehe au mama wa kamati hupokewa kama amri. Ukiwa umetuma uongo bila kujua, usifute kimya kimya. Sema wazi katika kundi lile lile: «Nilikosea, habari ile si ya kweli.» Heshima yako haitapungua, na wengine watajifunza kufanya vile vile.

Maswali ya mazungumzo

1. Ni ujumbe gani uliowahi kutufanya tuhame au tuogope bure? Ulitoka wapi?
2. Katika bloku yetu, nani anaweza kuthibitisha habari kabla haijaenea?
3. Kila mshiriki alete kichekesho kimoja ambacho makabila yote ya kambi yanaweza kukicheka pamoja.

Amani iwe nanyi.