Kulea mtoto wa mbwa awe msaidizi wa mtu asiyeona

Wilayani Kilosa mbwa husifiwa kwa ukali. Anayebweka usiku kucha na kuwatoa mbio wapita njia ndiye anayehesabiwa kuwa mbwa, na wapo wanaomlisha pilipili wakiamini itamzidishia hasira. Mbwa wa kumsaidia mtu asiyeona, au mzee ambaye macho yamefifia, hulelewa kwa njia iliyo kinyume na hiyo. Sifa yake ya kwanza ni utulivu, na utulivu huo hujengwa katika mwaka wa kwanza wa uhai wake.

Haja ipo. Kilosa ni miongoni mwa wilaya zenye usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, na ambao usipotibiwa huweza kupofusha. Dawa ya ivermectin inayogawiwa vijijini huukinga, lakini haiwarudishii uoni waliokwisha kuupoteza. Ongeza mtoto wa jicho, trakoma na glakoma, utaona kwa nini mara nyingi mjukuu anakosa vipindi vya shule ili amshike bibi mkono kwenda zahanati.

Tuelewane mapema. Mbwa kiongozi kamili hukamilishwa na wataalamu. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Afrika Kusini ina chama chake tangu 1953. Lakini hata huko watoto wa mbwa hawakulii shuleni. Wakifikisha wiki 8 hivi hupelekwa kwa familia za kawaida, wakakaa nazo mwaka mmoja au zaidi, kisha hurudishwa kwa walimu. Kazi ya familia hizo ndiyo inayoelezwa hapa. Ukiifanya vizuri utapata mbwa anayetembea taratibu ubavuni, anayesimama kwenye mtaro na asiyekimbiza kuku. Fimbo nyeupe inabaki mkononi mwa mwenyewe. Mbwa ni nyongeza.

1. Chagua tabia, si rangi

Usimtoe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Katika wiki hizo hujifunza kwa ndugu zake kwamba kung'ata kunauma. Mtazame na mama: akiwa mwoga au mkali kwa wageni, tafuta uzao mwingine.

Mbwa wa kienyeji anafaa. Amezoea joto na chakula chetu. Angalia tu kwamba wazazi wake ni wakubwa kiasi, wafike goti la mtu mzima au zaidi, ili mwendo wake usikike kupitia kamba.

Fanya jaribio hili. Angusha sahani ya bati hatua chache kutoka walipo watoto wote. Mmoja atakimbia asirudi, mwingine ataivamia kwa kubweka. Mchukue yule atakayeshtuka, akatulia, kisha akaja kuinusa.

Jina liwe fupi na lisilotisha watu. Mikumi, jirani na hifadhi yenye simba, si mahali pa kumwita mbwa Simba: utapaza sauti jioni njiani na kijiji kizima kitatafuta mti wa kupanda.

2. Chanjo kwanza

Mwone daktari au afisa mifugo wa kata wiki ileile unayomleta nyumbani. Chanjo ya distempa na parvo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi 3 na kurudiwa kama daktari atakavyopanga, kwa kawaida kila mwaka. Dawa ya minyoo asikose. Mbwa ambaye hutaki azae, dume ahasiwe na jike afungwe kizazi, maana mbwa mwenye kuwinda mwenzi haongozi mtu.

Chanjo ya distempa ni deni kwa majirani wa porini pia. Mwaka 1994 ugonjwa huo, uliohusishwa na mbwa wa vijijini, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Hifadhi ya Mikumi ina simba na mbwa mwitu, na mpaka wake unagusa mashamba yetu.

Adui mwingine ni mbung'o. Mbwa aliyeumwa na mbung'o mwenye vimelea hupata nagana: homa, kukonda, uso kuvimba, na macho kuingia ukungu mweupe. Msaidizi wa asiyeona naye akapofuka, kazi imekwisha. Ukiona dalili hizo usingoje wiki, mpeleke atibiwe. Kupe watoe kila jioni, hasa ndani ya masikio na katikati ya vidole.

Mtu yeyote akiumwa na mbwa asiyejulikana, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

3. Chakula

Ugali wa dona kwa dagaa unamtosha mbwa akichanganyiwa mboga, utumbo au yai mara kwa mara. Tahadhari ni tatu. Utumbo, mapafu na ini vichemshwe, kwa sababu vikiliwa vibichi humpa minyoo inayorudi kwa binadamu. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitupwe kwenye bakuli lake, hukatika vipande vyenye ncha. Na mahindi yaliyoota ukungu, ambayo watu huona ni mali ya mbwa, asipewe: sumukuvu humharibu ini kama inavyomharibu mtu.

Mlishe kwa saa maalumu, asubuhi na jioni. Anayemlisha awe, kadiri inavyowezekana, yule atakayesaidiwa. Bibi akishika bakuli kila siku, mbwa atajua ni nani wa kumfuata.

4. Mwonyeshe dunia mapema

Kati ya wiki ya 3 na ya 14 mtoto wa mbwa huamua ni vitu gani vya kawaida na vipi vya kuogopa. Udongo uwahi ungali maji. Ukimfungia uani miezi hiyo, utapata mbwa anayetetemeka kila bodaboda inapopita. Kwa kuwa chanjo hazijakamilika, usimshushe chini penye mbwa wengi. Mbebe kwenye kikapu.

Orodha ya Kilosa na Mikumi ni hii: honi ya treni, malori ya barabara ya Tanzam, stendi, gulio, mvua ya masika juu ya bati, kipaza sauti cha msikitini na kwaya ya kanisani, watoto wakitoka shule, mtu mwenye mwavuli, mtu mwenye magongo, ng'ombe wakirudi malishoni.

Chukua mfano wa mashine ya kusaga. Siku ya kwanza simama naye mbali, mahali anaposikia mlio lakini bado anakula. Mpe dagaa mmoja, kisha mwingine, uondoke. Siku inayofuata sogea kidogo. Akikunja mkia katikati ya miguu au akikataa dagaa, umekwenda haraka. Rudi nyuma hatua kumi uanze tena. Usimvute kwa kamba wala usimcheke. Baada ya siku kadhaa atalala mlangoni pa mashine huku unga ukimdondokea mgongoni.

Njia hii inafahamika mkoani kwetu. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya hao huzoeshwa watu, sauti na harufu tangu wadogo, ndipo hufundishwa kwamba mlio mdogo wa kidude cha kubofya maana yake ni chakula. Mafunzo huchukua takriban miezi 9. Magawa, panya aliyefundishwa kwa njia hiyo na kupelekwa Kambodia, aligundua mabomu 71 ya ardhini, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na taasisi ya PDSA ya Uingereza. Hakupata kuchapwa fimbo.

5. Neno moja, zawadi papo hapo

Maneno matano yanatosha kwa mwaka wa kwanza: njoo, kaa, simama, twende, acha. Nyumba nzima ikubaliane. Baba akisema "kaa", mama "keti" na watoto "tulia", mbwa atachagua kutosikia lolote.

Anapofanya sawa, msifu kwa neno lilelile, mfano "vyema", na dagaa amfikie mdomoni mara moja. Ukichelewa, atadhani amelipwa kwa alichofanya baadaye. Somo liwe dakika 5 mara tatu au nne kwa siku. Akikosea, usimpige. Kipigo humfundisha kuogopa mkono, na mkono ndio utakaomwongoza maisha yake yote. Mbali na hilo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama.

6. Kutembea na kusimama kwenye mtaro

Anza na kamba fupi, mbwa akiwa kushoto kwako. Anapovuta, simama. Kamba ikilegea, endelea. Ataelewa kwamba kuvuta hakumfikishi popote.

Kisha fundisha mtaro. Tembea naye hadi ukingoni, sema "simama" na ukae kimya. Akisimama, dagaa. Hesabu pumzi mbili, sema "twende", mvuke pamoja. Rudia kwenye kila mtaro, kila ngazi, kila daraja la mbao, bila kuruka hata moja. Baada ya wiki kadhaa atasimama kabla hujasema neno. Ndipo umpe kamba yule asiyeona, wewe ukiwa hatua moja nyuma yao. Atahisi kamba imetulia, atapeleka fimbo mbele, atagusa ukingo. Mbwa anatoa taarifa, fimbo inathibitisha, mtu anaamua.

Tembeeni alfajiri na jioni. Kabla ya kukanyaga lami mchana, weka mgongo wa kiganja chako juu yake. Usipovumilia hesabu ya saba, nyayo zake pia hazitavumilia. Kuvuka barabara kuu si kazi ya mbwa aliyefundishwa nyumbani. Hapo ataombwa mtu.

7. Ukiwa jirani na hifadhi

Mbwa haruhusiwi kuingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na vijijini mpakani asiachwe kuzurura. Chui hupenda nyama ya mbwa, na mitego ya nyaya haichagui mguu. Hatari kubwa zaidi ni tembo. Mbwa akimbwekea tembo hukimbilia kwa bwana wake, na tembo humfuata hukohuko. Mtu asiyeona hana pa kukimbilia. Kwa hiyo neno "njoo" lifundishwe mpaka alitii hata akiwa na mfupa mdomoni, na usiku alale ndani ya banda lenye mlango.

Mvike ukanda shingoni wenye namba ya simu, asije akahesabiwa na mbwa wanaozurura siku ya kampeni ya kuwaua.

8. Jirani, msikiti na kanisa

Wengi wa jirani zetu ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Heshimu hilo bila ubishi. Mbwa awe na bakuli lake, kamba yake, na mahali pake nje ya chumba kinachosaliwa. Kama anayesaidiwa ni Mwislamu, aongee na sheikh wake mapema. Mafakihi wanaruhusu mbwa wa kuchunga mifugo, kulinda shamba na kuwinda, na suala la msaidizi wa asiyeona atalipatia jibu hapo. Kwenye ibada, mbwa angoje nje, kivulini, akiwa na maji.

Waambie watoto wa mtaa sheria moja: akiwa kwenye kamba yuko kazini, hachezewi wala halishwi. Na usimgeuze mlinzi wa usiku. Ukimsifu leo kwa kumrarua mgeni, usishangae kesho akimrarua muuguzi aliyekuja kumtazama bibi.

9. Mtihani kabla ya kumkabidhi

Akifikisha mwaka mmoja na miezi kadhaa, mpime mambo haya sokoni, si uani kwako. Apite katikati ya kuku bila kuwarukia. Alale chini ya benchi nusu saa watu wakipita. Asimame kwenye mitaro kumi mfululizo bila kuambiwa. Aje kwa neno moja. Aguswe masikio, mkia na mdomo na mtu mgeni bila kunguruma.

Akishindwa moja, mrudishe kwenye mazoezi. Akishindwa tena na tena, mfanye mbwa wa nyumbani na umpende hivyohivyo. Hata shule kubwa huwaondoa wengi kwenye mafunzo. Akifaulu yote, mkabidhi pole pole, siku za mwanzo mkitembea watatu, na uwe tayari kumwachia mwenyewe, ingawa ni wewe uliyemlea. Lakini mbwa asiyefaulu, hata awe mzuri kiasi gani, usimpe mtu asiyeona kamba yake.