Unataka Kuwa Wakili wa Ardhi na Mazingira Mjini? Anzia Hapa

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki halmashauri ya jiji lao kwa sababu ya jalala lililowatesa kwa moshi, inzi na uvundo. Mahakama Kuu ikaamuru taka zisitupwe tena pale. Jiji likazihamishia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, wakashinda. Kama ungependa kufanya kazi ya kuwatetea wakazi kama hao, njia yake ni ndefu lakini inajulikana.

Kwanza ni shahada ya sheria, ambayo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huchukua miaka 4. Kama huwezi kulipa ada, omba mkopo Bodi ya Mikopo. Kisha kuna mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, mwaka mmoja, halafu Jaji Mkuu anakuapisha kuwa wakili.

Usome nini zaidi? Sheria ya Ardhi ya 1999, ya Mazingira ya 2004 na ya Mipangomiji ya 2007. Hiyo ya mazingira, kwa mfano, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Ni kifungu kidogo, lakini kimebomoa nyumba nyingi.

Kazi yenyewe ikoje? Tuseme jirani amegeuza kiwanja cha makazi kuwa gereji. Wakili anauliza: ana kibali cha kubadili matumizi ya ardhi, yaani ruhusa ya kukitumia kwa shughuli nyingine? Anakwenda kwa ofisa mipangomiji kutazama ramani ya mtaa, kisha anafika penyewe aone mafuta machafu yanakotiririkia. Asiyependa kuchafua viatu, kazi hii haimfai.

Hapa wengi hujikwaa: ukitaka kuishitaki halmashauri, ni lazima uipe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye umuunganishe kwenye kesi. Ukiruka hatua hiyo, kesi inatupwa hata kama mteja wako ana haki.

Ajira je? Unaweza kufungua ofisi yako, au ukawa mwanasheria wa halmashauri. Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na kuomba ni bure. Anayekudai pesa ni tapeli.

Ukiwa bado chuoni, omba fildi katika kitengo cha sheria cha halmashauri yako. Peleka barua mapema, kabla likizo haijaanza.