SOMO LA KRISMASI: PUNDA NA MASHUA

Andiko: Mathayo 2:13-15, Waefeso 2:8-9



Wengi wenu mlikuwepo kwenye igizo la Krismasi la watoto wa Shule ya Jumapili. Ambao hamkuwepo mmekwisha kusikia habari za mashua. Sisi tuliowafundisha tulipanga Yusufu na Mariamu wakimbilie Misri kwa punda. Punda wenyewe walikuwa vijana wawili chini ya blanketi. Siku hiyo mmoja akaamka na homa, punda akakosa miguu ya nyuma.

Mtoto aliyekuwa Yusufu anatoka familia ya visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kismayo. Hakutuuliza. Alipindua benchi, akasimamisha fimbo, akafunga shuka liwe tanga, akamhimiza Mariamu kwa Kibajuni apande upesi, kaskazi imeshika. Watu wakacheka. Sisi tukamfokea mbele ya wote, kwamba Misri haikwendwa kwa mashua. Akanyamaza, ameshika tanga lake.

Ndipo bibi yake akasimama. Mama huyu si mshirika wetu. Ni Mwislamu, kama walivyo Wabajuni karibu wote, na alikuja kwa ajili ya mjukuu tu. Alitoka kisiwa cha Koyama mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipokwisha kuanguka mwezi wa Januari na wenye silaha wakaja kupora. Ulikuwa msimu wa kaskazi, upepo unaosukuma vyombo kuteremka Lamu na Mombasa. Yeye alifika, akakaa kambi ya Jomvu. Mtoto wake mchanga hakufika.

Akaja mbele, akavua leso yake ya juu, akamfunika mwanasesere aliyekuwa Yesu. Alisema tu kwamba baharini usiku kuna baridi. Kisha akaketi katika ile mashua pamoja na watoto. Hakuna aliyecheka tena.

Usiku ule tulifungua Mathayo 2. Someni wenyewe: Yusufu anaamka, anamchukua mtoto na mama yake usiku, anakwenda. Punda hayumo! Tumemwona kwenye picha tangu utoto, tukamfanya andiko, na kwa ajili yake tukamwaibisha mtoto aliyejua kukimbia ni nini kuliko sisi tuliosoma chuo cha Biblia.

Waefeso 2:8-9 tumeihubiri mara nyingi, kwamba neema ni zawadi wala si malipo ya matendo. Lakini nafasi za igizo tuliwagawia watoto waliokariri vizuri, na wasioweza tukawaweka nyuma wawe kondoo. Mtoto wa Mungu aliyepelekwa Misri hakuwa amekariri lolote. Alibebwa. Na kwetu aliyemfunika ni mgeni ambaye hatukumtengea hata kiti.

Jumapili iliyofuata tulimwomba mtoto msamaha mbele ya kanisa, na kwa bibi yake tulikwenda nyumbani. Alitupa chai, hakutaka kuzungumza habari za benchi.

Jumatano, katika vikundi vya nyumbani, kila familia ieleze: usiku ule mlipotoka kwenu, nani aliwafunika, naye alikuwa wa dini gani au kabila gani? Watoto waanze kujibu. Na benchi lile mguu mmoja umelegea. Mwenye misumari atusaidie.