Kuzamia Ziwa Nyasa kwa Gharama Ndogo: Fizikia ya Pumzi Moja

Neno kuzamia huwakumbusha watu wengi mitungi ya hewa, mashua za injini na watalii wa Mafia au Pemba. Lakini mwanafunzi wa Katumba Songwe hahitaji kusafiri mpaka kisiwani ili aone maisha ya chini ya maji. Ziwa Nyasa li karibu naye. Akiwa na miwani ya kuzamia na mrija mfupi wa kupumulia, na akiwa anajua kuogelea, anaweza kuingia majini kwa miguu kutoka ufukweni. Hata hivyo, unafuu wa vifaa haupunguzi ukali wa kanuni za maumbile. Mzamiaji asiye na fedha nyingi anaweza kuwa salama. Mzamiaji asiyejua fizikia hawezi. Makala haya yanaeleza kanuni hizo, ili mwalimu azifundishe kabla ya likizo na si baada ya msiba.

Ufukwe upi unafaa?

Tambarare ya Kyela imejengwa na mchanga na tope lililoletwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Kwa hiyo maji yaliyo karibu na mlango wa Songwe huwa na matope, hasa wakati wa masika. Humo mtu haoni mbali, na mamba na viboko hupapenda mahali kama hapo. Hapafai kabisa kuzamia.

Upande wa mashariki, kutoka Matema kuelekea Ikombe, hali ni nyingine. Milima ya Livingstone hushuka mpaka ziwani, ufukwe ni wa mawe, na maji huwa maangavu. Miambani huishi samaki wadogo wa rangi za buluu na manjano ambao majirani zetu wa Malawi huwaita mbuna. Hao ni wa ukoo mmoja na perege, na majike wao hutunza mayai na watoto kinywani. Wengi hula mwani unaoota juu ya mawe. Kwa kuwa mwani huhitaji mwanga wa jua, chakula kingi cha samaki hao hupatikana katika mita chache za juu. Ziwa lina kina cha mita 700 hivi, na chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni. Basi hazina anayoitafuta mwanafunzi haiko kilindini, bali iko karibu na uso wa maji.

Hata huko lazima kuwauliza wavuvi wenyeji kama mamba ameonekana. Aidha, tukumbuke kwamba ufukwe wa mawe huweza kushuka ghafla, na kwamba upepo wa kusi huleta mawimbi makubwa kaskazini mwa ziwa.

Miwani na mrija

Jicho letu limeumbwa kuona hewani. Mwanga hupinda unapotoka hewani na kuingia katika jicho, lakini hupinda kidogo sana unapotoka majini, kwa sababu maji na sehemu ya mbele ya jicho karibu zinalingana katika kupinda mwanga. Ndiyo maana chini ya maji kila kitu huonekana kwa ukungu. Miwani hurudisha hewa mbele ya jicho, na picha huwa safi. Walakini samaki aliye umbali wa mita 4 huonekana kama yuko mita 3. Miwani ifunike pua pia, ili mzamiaji aweze kupuliza hewa kidogo ndani yake anaposhuka. Ile inayofunika macho peke yake hubana macho na kuyaumiza.

Wengine hudhani kwamba kwa kuunganisha mpira mrefu wa maji wataweza kupumua wakiwa chini. Hebu tukokotoe. Katika kina cha mita 1, maji huongeza kanieneo ya kilopaskali 9.8. Tuchukue kifua chenye eneo la mita za mraba 0.075. Kani inayokikandamiza ni nyutoni 735, yaani sawa na uzito wa mtu wa kilo 75 aliyesimama juu ya kifua hicho. Misuli ya kupumua haiwezi kushindana na mzigo huo. Zaidi ya hayo, mpira wa mita 2 wenye kipenyo cha sentimita 2.5 hubeba karibu lita 1 ya hewa, na pumzi ya kawaida ni nusu lita tu. Mtu angekuwa anavuta tena hewa chafu aliyoitoa mwenyewe. Mrija wa sentimita 40 unatosha, nao ni wa kuogelea juu ya maji tu.

Kanieneo na masikio

Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 474 hivi juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapo ni kilopaskali 96 hivi, pungufu kidogo kuliko pwani. Kwa hiyo kanieneo huongezeka mara mbili katika kina cha mita 9.8, ambapo baharini ni mita 10.1 hivi. Kwa kanuni ya Boyle ya mwaka 1662, hewa iliyofungwa hupungua ujazo kwa kiasi hichohicho.

Jambo hili laweza kupimwa bila mtu yeyote kuzama. Chukua neli ya kioo ya maabara yenye urefu wa sentimita 15, iliyozibwa upande mmoja. Paka ndani yake unga wa chaki, uifunge kwenye kamba yenye jiwe, mdomo ukielekea chini, kisha uishushe wima kutoka kwenye mtumbwi. Katika mita 3 maji yatapanda sentimita 3.5, na alama ya unyevu itabaki kwenye chaki.

Hewa iliyo nyuma ya kiwambo cha sikio hutii kanuni hiyohiyo. Kiwambo huvutwa ndani, na maumivu huanza hata kabla ya mita 3. Mzamiaji abane pua na kupuliza polepole, tangu mwanzo wa kushuka. Hewa isipopita, apande. Mwenye mafua asizame.

Pumzi inayodanganya

Haja ya kupumua huletwa hasa na kuzidi kwa kabonidayoksaidi katika damu, si kwa kupungua kwa oksijeni. Anayehema kwa nguvu mara nyingi kabla ya kuzama huondoa kabonidayoksaidi, lakini haongezi oksijeni ya maana. Onyo la mwili huchelewa, naye huweza kuzimia kabla ya kuhisi taabu yoyote. Hatari huzidi anapopanda, kwa kuwa kanieneo ya oksijeni mapafuni hushuka pamoja na kanieneo ya maji. Wazamiaji hodari wamekufa hivyo, kimya kimya, karibu na uso wa maji.

Basi sharti ni hili: mmoja chini, mmoja juu akimtazama. Asiwepo wa kuhema kwa nguvu, wala wa kushindania muda. Kila mmoja apumzike angalau mara mbili ya muda aliokaa chini.

Kichocho

Ziwa lina kichocho. Konokono wanaobeba vimelea hupenda maji yaliyotulia yenye magugu, ingawa si huko tu, na kujifuta kwa taulo hakutoshi kuzuia maambukizo. Aliyeingia majini apimwe katika kituo cha afya baada ya miezi miwili au mitatu. Dawa ya prazikwanteli hutibu.

Maswali

1. Neli ya sentimita 15 imeshushwa mita 9.8 katika Ziwa Nyasa. Maji yatapanda sentimita ngapi?

2. Mtu amevuta hewa kutoka katika ndoo iliyopinduliwa katika kina cha mita 5, kisha amepanda akiwa amezuia pumzi. Kwa kutumia kanuni ya Boyle, eleza kwa nini mapafu yake yanaweza kupasuka.

3. Kwa nini kuhema kwa nguvu humfanya mzamiaji ajione ana nguvu zaidi wakati hatari inaongezeka?

Mwanafunzi atakayejibu maswali haya kwa ufasaha, na anayejua kuogelea, yu tayari kuvaa miwani na kuwatazama samaki wa Matema, mwenzake akiwa kando yake.