Mafunzo Niliyopata Budapest Nikiwa na Mtoto wa Miaka Miwili

Vitabu vya utalii vimeandikiwa mtu mwenye miguu mirefu na subira. Mtoto wa miaka miwili hana hata kimoja kati ya hivyo, na Budapest, mji mkuu wa Hungaria, unavidai vyote: una makasri, makanisa, makumbusho, na madaraja marefu juu ya mto Danube. Mdogo wangu anasoma huko kwa ufadhili wa serikali ya Hungaria, ule ambao Watanzania na Wakenya wengi huuomba. Alituita tumtembelee kabla hajamaliza masomo. Tukafunga safari kutoka Morogoro, mimi, mume wangu na binti yetu. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kuuzunguka mji mkongwe na mtu asiyejua mfalme wala karne.

1. Tafuta ukale ambao bado uko kazini

Upanga wa mfalme ukishafungiwa ndani ya kioo, kwa mtoto mdogo ni kitu kingine tu anachokatazwa kushika. Bahati nzuri, Budapest una vitu vingi vya kale ambavyo havijafungiwa popote kwa sababu watu bado wanavihitaji. Mstari wa kwanza wa treni ya chini ya ardhi ulianza kubeba abiria mwaka 1896, na ukiiacha Uingereza, Ulaya haikuwa na mwingine wa umeme kabla yake. Mabehewa yake madogo ya manjano yangali yanakwenda na kurudi, na stesheni zake bado zina vigae vyeupe na nguzo za chuma.

Mistari mipya imechimbwa chini sana, unaifikia kwa ngazi za umeme ndefu na za kasi zinazomtisha hata mtu mzima. Huu wa kwanza unapita chini kidogo tu ya barabara ya Andrássy. Stesheni zake za zamani hazina lifti, lakini baba akishika kigari cha mtoto huku na mjomba akashika kule, mnafika chini kabla hamjachoka. Ulichimbwa ili kuwafikisha watu kwenye maonyesho ya kuadhimisha miaka 1000 tangu Wahungaria waingie katika nchi hiyo. Binti yetu hakuambiwa hayo. Alichojua ni kwamba mlango hufunguka, unapanda, unashuka, kisha unalia upandishwe tena.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtoto wa umri ule hatazami historia, huipanda. Tukaanza kupanga siku kwa vyombo badala ya majengo. Asubuhi moja ikawa ya tramu namba 2, inayofuata ukingo wa mto upande wa Pest. Nyingine ikawa ya behewa linalovutwa kwa kamba kupanda kilima cha ngome. Behewa hilo lilianza kazi mwaka 1870, likaharibiwa katika Vita Vikuu vya Pili, likarudishwa mwaka 1986. Kwenye tramu na treni za mji mtoto wa umri wake halipiwi nauli, ila behewa la kilimani lina tiketi yake, na si ya bei ndogo. Basi namba 16 hufika huko huko juu kwa tiketi ya kawaida.

2. Pest ni ya kigari, Buda ni ya mbeleko

Mpaka mwaka 1873 hii ilikuwa miji mbalimbali, Buda na Óbuda magharibi ya mto na Pest mashariki. Wazazi wenye kigari bado wanauhisi mpaka huo mikononi. Pest ni tambarare, na njia zake za waenda kwa miguu ni pana. Ukivuka kwenda Buda unakutana na kilima, ngazi na barabara za mawe zinazomtikisa mtoto mpaka meno.

Nilikuwa nimetia kanga kwenye begi kwa ajili ya kufunika na kutandika. Huko Buda kanga ilirudia kazi yake ya asili. Bibi mmoja wa Kihungaria alinisimamisha mbele ya kanisa la Mátyás, akalikagua fundo kifuani pangu kwa makini, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akiwa mgongoni mtoto huona kwa kimo cha mtu mzima, na usingizi ukimjia hamna haja ya kutafuta kitanda. Ya kwetu yalikwenda hivyo: aliona paa la kanisa lenye vigae vya rangi, akalala. Sisi tukapata nafasi ya kutembea polepole kwenye Ngome ya Wavuvi, yenye minara 7 kwa heshima ya machifu 7 wa Wahungaria wa kwanza. Ngome hiyo haijawahi kupigana vita. Ilijengwa kati ya mwaka 1895 na 1902 kwa ajili ya uzuri na mandhari, na mandhari yenyewe ni Danube yote iliyolala chini yako.

3. Daraja si njia tu, ni mahali pa kwenda

Daraja la Minyororo lina urefu wa mita 375. Mtu mzima hulivuka kwa dakika chache, akapiga picha, akaendelea. Sisi lilitumalizia asubuhi nzima. Kila upande wanakaa simba wawili wa mawe, na mtoto aliyetoka mkoa wenye mbuga ya Mikumi hawezi kupita kando ya simba bila kumwamkia. Wote wanne wakapata salamu zao. Baada ya hapo kulikuwa na boti za kupungia mkono, na matundu ya kuchungulia maji.

Mwendo huo wa konokono ulinipa wasaa wa kumsikiliza mdogo wangu. Zamani watu walivuka kwa daraja la mashua zilizofungwa pamoja, ambalo liliondolewa majira ya baridi mto ulipojaa barafu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1820 bwana mkubwa mmoja, István Széchenyi, alipata habari za msiba wa baba yake akakwama ukingoni kwa siku nyingi akisubiri kuvuka. Ndiye aliyepigania daraja la kudumu, na lilifunguliwa mwaka 1849. Wanajeshi wa Ujerumani walililipua mwaka 1945 walipokuwa wakirudi nyuma, na likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 1949, miaka 100 kamili tangu lile la kwanza. Tangu lifanyiwe ukarabati wa karibuni, magari binafsi hayaruhusiwi kupita, na jambo hilo ni faraja kubwa kwa mzazi.

4. Kidole cha mtoto ni mwongozo mzuri

Tulikuwa tukipita kando ya kanisa la Wafransisko katikati ya Pest, tukielekea kwingine kabisa, pale mtoto aliponyoosha kidole ukutani: "Boti!" Mahali pale hapana maji. Kweli ukutani kuna sanamu ya kuchongwa ya mtu ndani ya mashua, akiwaopoa watu mafurikoni. Mtu huyo ni Miklós Wesselényi. Machi 1838 mabonge ya barafu yaliziba mto, Danube ikapanda na kuimeza Pest, na watu zaidi ya 150 wakafa. Mjini bado kuna vibao vidogo vya mawe vinavyoonyesha maji yalifika wapi, na vingine vimepita kichwa changu.

Baada ya hapo tulimpa mtoto nafasi ya kuchagua njia mara moja kila siku, na mara nyingi alituongoza kwa njiwa, ila mara kadhaa alitupeleka kwenye kitu ambacho hatukuwa nacho kwenye orodha.

5. Panga siku kwa bembea na maji

Viwanja vya watoto vimetapakaa mjini, vingi vina uzio na sakafu laini, na wazazi wa Kihungaria hukaa humo bila haraka. Tuliviweka kwenye ramani kwanza, kisha tukaangalia ni makumbusho gani yapo karibu. Kwenye uwanja wa Szabadság, si mbali na Bunge, kuna chemchemi yenye kuta za maji ambazo hushuka mtu akisogea, zikakuruhusu kuingia katikati ukiwa mkavu. Binti yetu alitoka ameloa chapachapa kwa hiari yake. Chukua nguo za kubadilisha.

Kisiwa cha Margit ndicho kilichotupa pumzi ya kweli. Kina urefu wa karibu kilomita mbili na nusu, kimejaa miti na nyasi, na magari binafsi hayapiti. Kimepewa jina la binti wa mfalme Béla wa Nne, ambaye baba yake alimweka nadhiri kwa Mungu baada ya Wamongolia kuivamia nchi mwaka 1241. Margit aliishi humo kama mtawa, na magofu ya nyumba ya watawa yapo wazi chini ya miti. Mtoto wangu alikimbia juu ya misingi ile akicheka, nami nikawaza juu ya mfalme aliyeahidi kumtoa bintiye.

6. Mahali pengine ni pa zamu

Hammamu za maji ya moto ndizo fahari ya Budapest. Ile ya Széchenyi, iliyofunguliwa mwaka 1913, haipokei mtu wa chini ya miaka 14. Tulikwenda mmoja mmoja, mwingine akabaki na mtoto kwenye bustani kubwa iliyo jirani.

Sababu ya zamu ya pili ilikuwa nzito zaidi. Ukingoni mwa Danube, karibu na Bunge, kuna jozi 60 za viatu vya chuma, vya kiume, vya kike na vya watoto. Viliwekwa mwaka 2005. Majira ya baridi ya mwaka 1944 kuelekea 1945, wanamgambo wa kifashisti wa Hungaria waliwaleta Wayahudi hapo, wakawaamuru wavue viatu, wakawapiga risasi na kuwaacha waanguke mtoni. Mtoto wa miaka miwili akiona kiatu hutaka kukivaa, na ukingo ule hauna uzio. Mahali pale panataka mtu asimame akiwa mikono mitupu na moyo uliotulia. Mume wangu alikwenda kwanza, kisha mimi.

7. Watoto wakubwa ni wenyeji wazuri kuliko waongozaji

Kwenye vilima vya Buda kuna Reli ya Watoto, iliyofunguliwa mwaka 1948 wakati wa utawala wa kikomunisti. Ina urefu wa kilomita 11 na ushee, na ukiondoa dereva, kazi nyingi hufanywa na watoto wa miaka 10 hadi 14. Wanakata tiketi, wanatoa ishara, wanapiga saluti treni ikiondoka, wakiwa ndani ya sare na nyuso zisizo na mzaha hata kidogo. Tulipanda tramu hadi Hűvösvölgy, kisha tukaingia msituni na treni hiyo.

Kondakta mdogo alipofika kwetu alimkabidhi binti yetu tiketi mkononi, kama abiria yeyote. Naye alinyamaza, akaishika kwa mikono miwili safari nzima. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumtuliza namna ile.

8. Kuna vitu vinavyopendeza zaidi kwa mbali

Hatukuingia ndani ya Bunge, ambako ungelazimika kufuata ziara ya kuongozwa kwa ukimya. Tulikaa ng'ambo, upande wa Buda, kwenye uwanja wa Batthyány, mtoto akinywa supu yake ya kuku kutoka kwenye chupa. Kutoka pale jengo lote la mita 268 linaonekana kwa pamoja, pamoja na kuba lake la mita 96. Kimo hicho hukumbusha mwaka 896, ambao Wahungaria wanauhesabu kuwa mwaka wa kuingia kwao. Ukiwa ndani huwezi kuliona hivyo.

Mzazi anayepanga safari ya namna hii aanze na swali moja kabla ya kununua tiketi ya makumbusho: katika mji huo, ni kipi cha kale ambacho wenyeji bado wanakitumia kwenda sokoni na kazini? Aanzie hapo, na akipata nafasi ndipo aongeze mengine. Sisi swali hilo tumelileta nyumbani pia. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na treni ya kawaida bado inapita juu yake. Likizo ijayo binti yetu ataipanda.