Mkatekumeni na Wenziwe

1. Muhogo na maji

Kila mama wa kijiji ajua kazi ya muhogo mchungu. Ukichimbwa leo hauliwi leo, kwa sababu una sumu. Huchukuliwa mtoni, hulowekwa, na kuachwa humo siku tatu au nne. Hakuna anayeupiga wala anayeuchoma. Umekaa tu ndani ya maji. Lakini siku ya kuopolewa umekuwa laini, na uchungu wake umetoka. Na kama maji yalikuwa machafu, unga wake utanuka matope hata ukianikwa juani siku nyingi. Maji yamefanya kazi yao kimya kimya.

Ndivyo ilivyo kwa mtu na wenziwe. Asubuhi yuko nao shambani, jioni yuko nao motoni. Husikia wanavyosema, hucheka wanapocheka, huchukia wanachochukia. Hadhani kwamba anafundishwa. Kumbe anafundishwa kila siku, na masomo hayo ni mengi kuliko yale ya katekista. Kwa sababu hiyo Mtume Paulo aliwaonya Wakristu wa Korinto, mji wa bandari wenye watu wa kila namna, wasidanganyike: urafiki na watu wabaya huharibu mwenendo mwema.

Swali: Je, imani si kipaji cha Mungu? Yawezaje basi kutegemea marafiki?
Jibu: Imani ni kipaji cha Mungu kweli. Lakini mbegu njema pia hutoka kwa Mungu, na mkulima huchagua mahali pa kuipanda.

2. Jinsi wenzi wabaya wanavyomharibu mtu

Mtakatifu Agostino, aliyekuwa baadaye askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, ameeleza katika kitabu chake cha Maungamo jambo alilolitenda alipokuwa na umri wa miaka 16. Usiku mmoja yeye na vijana wenzake waliingia katika shamba la jirani, wakatikisa mti wa mapeasi, wakachukua matunda mengi. Hawakuwa na njaa. Nyumbani kwao Agostino kulikuwa na matunda mazuri kuliko hayo. Waliyaonja kidogo tu, mengine wakawatupia nguruwe. Miaka mingi baadaye aliyachunguza makosa hayo moyoni mwake, akaona jambo moja wazi: kama angalikuwa peke yake, asingaliiba. Alitenda uovu kwa sababu aliona haya kuwa mwema mbele ya wenziwe.

Mambo hayo hayakuishia Afrika ya zamani. Huonekana vijijini hata leo. Mtoto amekufa ghafula. Jioni vijana wamekusanyika mahali pa pombe. Mmoja ataja jina la mama mzee, mjane, anayekaa peke yake pembeni mwa kijiji. Wa pili asema kwamba yeye naye alimwona usiku. Wa tatu asimama, ashika fimbo. Kila mmoja wao, akiwa peke yake nyumbani, asingethubutu kumgusa mama huyo aliyempa maji ya kunywa alipokuwa mdogo. Lakini wakiwa pamoja haya imewatoka, na kila mmoja amwona mwenziwe kuwa ngao yake. Kesho yake, damu ikiisha kumwagika, kila mmoja atasema: Si mimi, ni wao. Lakini mbele ya Mungu hakuna mtu aitwaye "wao". Kila mmoja ataitwa kwa jina lake.

Agostino ameeleza pia habari za rafiki yake Alipio. Huyo alichukia michezo ya Roma ambamo watu waliuana mbele ya watazamaji. Siku moja marafiki walimkokota mpaka huko. Alipio aliwaambia kwamba wanaweza kuuleta mwili wake, lakini si moyo wake. Akaketi kati yao, akafumba macho. Ghafula watu wote walipiga kelele kubwa. Alipio akataka kujua kumetokea nini, akafumbua macho. Akaona damu, wala hakuyageuza tena. Akapiga kelele pamoja nao, na siku nyingine akarudi mwenyewe, akiwaleta wengine.

Basi mkatekumeni anayesema, "Naenda kwa mpiga ramli kutazama tu," au "Nakaa na walevi lakini sinywi," na amkumbuke Alipio. Kosa lake halikuwa kufumbua macho. Macho yalifuata tu. Kosa lilikuwa kuziamini nguvu zake mwenyewe. Lakini Alipio hakuachwa na Mungu. Baadaye yeye na Agostino walibatizwa pamoja na Mtakatifu Ambrosi huko Milano, mwaka 387. Aliyepotea pamoja na marafiki aliokolewa pamoja na rafiki.

3. Petro, Yuda na Tomasi

Habari ya mateso ya Bwana Yezu ina fundisho lilo hilo. Petro alimpenda Bwana kweli. Lakini usiku ule alikota moto pamoja na watumishi wa kuhani mkuu, watu waliomcheka Yezu. Mjakazi mmoja akamwuliza kama yeye naye ni mfuasi wake, na yule aliyekuwa ameshika upanga bustanini akaogopa neno la mjakazi. Akakana mara tatu. Moto uliuotesha mwili wake, lakini moyo wake ulipoa.

Mitume wawili walianguka usiku ule, Petro na Yuda. Wote wawili waliona uchungu. Yuda akaenda zake peke yake, akajiua. Petro akalia machozi, kisha akarudi kwa ndugu zake. Na siku ya ufufuko alionekana kati yao. Tomasi naye hakuwapo pamoja na wenziwe jioni ile Bwana alipowatokea, akabaki na mashaka. Baada ya siku nane alikuwapo kati yao, akamwona Bwana, akaamini. Basi mkatekumeni aliyeanguka asijifiche. Asikimbie kusanyiko kwa sababu ya aibu, kwa maana dawa yake iko huko huko anakoona aibu kwenda.

4. Wenzi wema: Mashahidi wa Uganda

Mapadri Weupe wa kwanza walifika Buganda mwaka 1879. Mwishoni mwa mwaka 1882 iliwapasa kuondoka, nao hawakurudi mpaka mwaka 1885. Muda wa karibu miaka mitatu wasomi wao walikaa bila padri, bila Misa. Wengi walidhani kwamba dini yao itakufa. Haikufa. Waamini walikutana kusali. Yosefu Mukasa Balikuddembe alifundisha katika nyumba ya mfalme, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba walifundisha majumbani mwao. Rafiki alimleta rafiki. Mapadri waliporudi walikuta idadi ya wanaotaka dini imezidi ile waliyoiacha.

Mnamo Novemba 1885 mfalme Mwanga alimwua Yosefu Mukasa. Vijana watumishi wa nyumba ya mfalme hawakutawanyika, kwa sababu Karoli Lwanga alishika mahali pake, akawalinda wasivutwe katika uchafu. Mwezi wa Mei 1886, huko Munyonyo, mfalme akajua kwamba kijana Denisi Ssebuggwawo amemfundisha mwenziwe dini. Akamchoma mkuki, naye akauawa. Usiku huo kila mtu alijua kwamba kifo kiko mlangoni. Kati ya vijana walikuwamo wakatekumeni wasiobatizwa bado. Karoli Lwanga akawabatiza usiku huo, miongoni mwao Kizito, aliyekuwa na miaka kama 14, Mbaga Tuzinde, Gyavira na Mugagga.

Asubuhi mfalme akaamuru wanaosali wajitenge na wasiosali. Karoli akatoka wa kwanza, na vijana wake wakamfuata. Husimuliwa kwamba Kizito alikuwa amepatana naye washikane mikono, ili mmoja akiogopa mwingine amtie nguvu. Mbaga alikuwa na jaribu kubwa zaidi: Mukajanga, mkuu wa wauaji, alikuwa mtu wa jamaa yake. Huyo alimsihi sana aseme neno moja tu la kukana, amfiche. Mbaga hakukubali. Tarehe 3 Juni 1886 waliuawa huko Namugongo, na wengi wao walichomwa moto. Waprotestanti nao walikuwamo katika kundi hilo, wakafa kwa ajili ya Kristu yule yule. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 wa Uganda kuwa watakatifu.

Kizito alikuwa mtoto. Nguvu zake zilitoka kwa Mungu; lakini Mungu alizipitisha katika mkono wa rafiki.

5. Je, mkatekumeni awakimbie wasioamini?

La. Hapa watu wengine hukosa kwa upande wa pili. Wakiisha kupewa medali shingoni, huwadharau wazazi wao, hawawasalimu wazee, hawaendi msibani kwa jirani. Hiyo si dini, ni kiburi.

Bwana Yezu alikula nyumbani kwa Lawi na kwa Zakayo, watoza ushuru waliochukiwa na watu. Lakini yafaa kuuliza: katika nyumba ya Zakayo, nani aligeuzwa na nani? Yezu hakujifunza kudhulumu. Zakayo ndiye aliyejifunza kurudisha, hata mara nne. Hiyo ndiyo alama ya kujua urafiki.

Jamaa na majirani, mtu hakuwachagua. Amepewa na Mungu awapende. Na awalimie wazazi, awatekee maji, awauguze, awazike wafu wao pamoja nao. Lakini rafiki wa shauri, yule anayefunguliwa moyo wakati wa taabu, huyo mtu humchagua mwenyewe. Baba asiyeamini na aheshimiwe kabisa. Lakini akimwita mwanawe kwa mpiga ramli, mwana na akatae kwa upole, kisha usiku huo huo amletee baba yake kuni za kuota.

Na aliye peke yake katikati ya wasiosali? Na amkumbuke Isidori Bakanja, mtu wa nchi ya Kongo, kijana mfanyakazi aliyebatizwa mwaka 1906. Alikwenda kufanya kazi mahali ambapo msimamizi wa shamba aliichukia dini. Bakanja hakuacha sala, wala hakuacha kuwafundisha wenziwe. Aliamriwa avue skapulari ya Bikira Maria. Akakataa, akapigwa kwa ukali mno. Alikufa kwa vidonda hivyo mwaka 1909, akiisha kumsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mwenyeheri mwaka 1994. Bakanja hakukuta wenzi wa sala, alianza kuwafanya.

6. Yampasa mkatekumeni kufanya nini?

Kwanza, ajichunguze. Kila jioni aulize: Leo nimekaa na nani? Nilipoondoka kwao, sala ilikuwa nyepesi kwangu au nzito?

Pili, ajitafutie mwenzi mmoja wa kusali naye. Mmoja atosha kwa kuanza. Bwana Yezu aliwatuma wafuasi wake wawili wawili, wala si mmoja mmoja.

Tatu, amheshimu msimamizi wake, yaani baba au mama yake wa ubatizo. Kanisa halimwachi mtu aje kisimani peke yake. Humpa mtu wa kushikana naye mkono. Msimamizi asichaguliwe kwa sababu ana duka au ana baisikeli, bali kwa sababu mwenendo wake wafaa kufuatwa.

Nne, asikose kusanyiko la Dominika, hata padri akiwa mbali. Kaa moja likitolewa motoni, huzimika upesi. Likirudishwa kati ya mengine, huwaka tena.

Tano, siku ya fitina aondoke kati ya wafitini kabla fimbo haijashikwa. Akikaa kimya kati yao, ukimya wake utahesabiwa kuwa ni kukubali. Na amwite katekista, amwite mzee wa kijiji, kisha aende kukaa mlangoni pa yule mjane. Lakini asiende peke yake. Mmoja akisimama mlangoni atasukumwa, wawili watafikiriwa, watano watasikilizwa. Siku hiyo ndipo itakapojulikana kama alijipatia marafiki wema au la, kwa maana siku ya moto si siku ya kuchimba kisima.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini Agostino asingaliiba kama angalikuwa peke yake?
2. Alipio alikosa katika jambo gani kabla ya kufumbua macho?
3. Petro na Yuda walitofautianaje baada ya kuanguka?
4. Imani ya Buganda ilikuaje katika miaka ambayo mapadri hawakuwapo?
5. Taja mtu mmoja ambaye ungemwita usiku ili asimame nawe mlangoni pa mwenye kuonewa. Kama hayupo, utaanza kumtafuta wapi?

Kusudi la juma hili: Nitamtembelea mwenzangu mmoja aliyeacha kuja katika mafundisho, sitamkaripia, nitamwalika tuje pamoja.

Sala: Ee Bwana Yezu, uliyewaita Mitume wako wakae pamoja nawe, utupe marafiki wanaotuvuta kwako. Utujalie sisi nasi tusiwe kikwazo kwa mtu yeyote, bali mkono wa kumshika anayeogopa. Amina.